Mchezaji Mmoja, Mabaharia Tisa: Juu ya Istilahi za Michezo ya Safari

Rasimu tuliyoletewa safari hii ili tuipitie haikuhusu sheria, wala kilimo, wala benki, mambo ambayo wasomaji wa kurasa hizi wameyazoea. Ilikuwa ni tafsiri ya kanuni za mchezo. Mchezo wenyewe unaitwa Sleeping Gods, maana yake Miungu Iliyolala. Ulibuniwa na Ryan Laukat na kutolewa na kampuni ya Red Raven Games ya Marekani mwaka 2021. Walikuwako kati yetu waliouliza kama kazi ya namna hiyo yastahili muda wetu. Baada ya kuucheza jioni kadhaa, kila mtu kwake na bila mwenzake, tumeona kwamba yastahili, na sababu zake ndizo tunazokusudia kuzieleza.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Hauchezwi juu ya ubao kama bao au drafti. Mahali pa ubao pana atlasi, yaani kitabu cha ramani, ambacho kila ukurasa wake huonyesha sehemu ndogo tu ya bahari na visiwa vyake. Chombo kikifika ukingoni mwa ukurasa na mchezaji akataka kuendelea upande ule ule, hufunua ukurasa mwingine, na safari ikaendelea. Mahali pengi katika ramani pametiwa nambari. Anayetaka kujua kilichopo hapo hufungua kitabu cha pili, kitabu cha hadithi, akasoma fungu lenye nambari ile. Nalo fungu humsimulia alichokikuta na mara nyingi kumtaka achague la kufanya. Kisa chenyewe ni kwamba mwaka 1929 meli ya mvuke iitwayo Manticore, chini ya nahodha wake Sofi Odessa, imepotea katika bahari isiyo ya ulimwengu huu. Ili warudi kwao, nahodha na mabaharia wake hawana budi kuzitafuta totemu za miungu, zisizopungua 14, zilizofichwa huku na huko. Waanzie kaskazini au kusini, watue kisiwa hiki au wakipite, hakuna kanuni inayowaamuru. Mchezo huchezwa na watu kuanzia mmoja hadi wanne. Wakiwa wengi, mabaharia hugawanywa baina yao. Akiwa mmoja, huwashika wote, nahodha pamoja na wenzake wanane.

Michezo ya kusafiri namna hii si jambo la jana. Mwaka 1981 Arnold Hendrick alitoa Barbarian Prince, ambao haukuwa na nafasi ya mchezaji wa pili kabisa: mtu mmoja, ramani moja, kijitabu cha matukio, na siku 70 za kukusanya vipande 500 vya dhahabu ili mwana wa mfalme akakitwae kiti chake. Lakini tangu hapo aina hii imekua sana, na sasa wako watu wanaonunua mchezo huku wakijua tangu dukani kwamba hawatamwita mtu.

Raha yake ni nini? Tulijiuliza swali hili kwa makini, kwa sababu mfasiri asiyeijua raha ya kitu hawezi kukipa jina. Kwetu sisi mchezo ni baraza. Bao lina mashimo 32 na kete 64, lakini halikamiliki bila watazamaji watano wanaomsonya mchezaji aliyekosea. Mtu anayekaa na bao pasipo mwenzake, akicheza upande huu kisha akageuka kucheza ule, huonekana anangoja, si kwamba anacheza. Basi tulipoketi mezani usiku, taa moja, atlasi imefunuliwa, tulitazamia kuchoka upesi. Haikuwa hivyo. Hakuna anayekuharakisha. Waweza kuitazama ramani robo saa nzima ukipima kama chakula kilichobaki kitakufikisha kisiwa cha mbali. Waweza kugeuza chombo kwa sababu tu umeona mchoro wa mnara ukutamanishao. Ukikosea, hakuna wa kukucheka. Na ukurasa mpya unapofunuliwa, bahari yote ile ni yako kuiona mara ya kwanza, bila mtu kukutangulia kusema kilichomo. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida hapendi michezo, alikiri kwamba alilala saa nane usiku kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Lakini raha hiyo inategemea sharti moja ambalo kwa mfasiri ni zito. Anayecheza peke yake hana wa kumwuliza. Barazani, kanuni ikiwa na utata, wazee huamua na mchezo ukaendelea. Neno baya likirekebishwa kwa mdomo, halidhuru. Aliye peke yake ana karatasi tu. Karatasi ndiyo mwenzake wa upande wa pili, ndiyo mwamuzi, ndiyo msimulizi. Ikimdanganya, hudanganyika mpaka mwisho, wala hatajua kwamba amedanganyika; ataona tu kwamba mchezo haunogi, na atalaumu mchezo.

Hayo yalitupata. Katika mchezo huu mabaharia hukutana na majaribio: kupanda jabali, kumshawishi mlinzi, kuziba tundu. Kila jaribio lina kiwango chake. Mchezaji hufunua karata yenye nambari kati ya 1 na 6, akaongeza ujuzi wa mabaharia wanaoshiriki, akaona kama kiwango kimefikiwa. Nao walioshiriki huongezewa alama ya uchovu. Rasimu ilisema: "Baharia mwenye ujuzi unaotakiwa anaweza kushiriki." Sentensi ni safi, haina kosa la sarufi. Kwa jioni mbili tulimtuma baharia mmoja mmoja, tukashindwa karibu kila jaribio, tukaanza kusema kwamba mchezo umebuniwa na mtu asiyependa wanadamu. Kumbe kanuni inaruhusu mabaharia wowote wenye ujuzi huo kushiriki pamoja, na uamuzi mtamu wa mchezo mzima ndio huo: uwachoshe wangapi leo, uwaweke wangapi kwa ajili ya kesho. Katika Kiswahili nomino isiyo na kivumishi cha idadi husomwa kwa umoja wake kama ilivyoandikwa. Msomaji aliyeambiwa "baharia" humwona baharia mmoja. Tumependekeza "baharia mmoja au zaidi", maneno matatu tu ya nyongeza, na jaribio likawa jaribio.

Katika sentensi ile ile mna mtego mwingine, nao ni "anaweza". Kitenzi hiki kina uwezo na ruhusa ndani yake kwa pamoja. "Mchezaji anaweza kutoa karata mbili": je, ameruhusiwa, au ana nguvu za kufanya hivyo, au ndivyo itakavyotokea? Mahali pa ruhusa tumeshauri iandikwe "akipenda". Mahali pa lazima, "hana budi" au "sharti". Watumishi wa serikali watalitambua tatizo hili bila kuhitaji kucheza mchezo wowote. Mwananchi anayejaza fomu ya kodi au ya mirathi nyumbani kwake usiku naye yu peke yake na karatasi, na "anaweza kuambatisha" imewarudisha wengi dirishani mara ya pili.

Tuje sasa kwenye jina la jambo lenyewe. Rasimu ilikuwa imeandika "mchezo wa upweke". Hapa tulipinga kwa nguvu zote. Upweke ni hali ya kukosa watu; mpweke ni wa kuhurumiwa, na jirani husogeza kiti ili asikae hivyo. Kuliandika neno hilo juu ya sanduku la mchezo ni kumwambia mnunuzi kwamba ndani mna huzuni. "Mchezo wa pekee" haufai pia, kwa kuwa pekee ni kisicho na mfano, na kila mwuza duka husema hivyo juu ya bidhaa yake. Kulikuwa na aliyependekeza "kujichezea". Kwa kanuni za uundaji wa maneno halina dosari, lakini ni neno ambalo mwalimu hawezi kuliandika ubaoni bila darasa la tatu la sekondari kuangua kicheko, na istilahi inayohitaji kutetewa hivyo haifiki mbali.

Limebaki "peke". Neno hili lina tabia ya ajabu kidogo: halisimami bila kimilikishi. Twasema peke yangu, peke yako, peke yake, peke yetu. "Peke" tupu haisemwi. Kwa mtunga orodha ya istilahi hiyo ni kero, maana istilahi hupendwa isiyo na nafsi. Ndiyo maana kwa orodha na kwa maandishi ya kitaalamu tumechagua "mchezo wa mtu mmoja", ambalo ni jina baridi lakini la kweli. Juu ya sanduku, na katika kanuni zenyewe, tungependelea "kucheza peke yako". Kile kilichokuwa kero katika orodha hapa ni faida: maneno yanamtazama mtu aliyeshika sanduku na kumsemesha yeye, wala hayamhurumii. Mtu anayesema "nilikwenda peke yangu" mara nyingi husema kwa fahari.

Jambo la nafsi ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Kiingereza cha leo kina kiwakilishi kimoja cha nafsi ya pili kwa mtu mmoja na kwa watu mia. Mwandishi wa kitabu cha hadithi cha mchezo wa namna hii hahitaji kujua ni wangapi wameketi mezani. Neno lake linawatosha wote. Mfasiri wa Kiswahili hana kimbilio hilo. Kila kitenzi kinamdai jibu: unafika au mnafika? unasikia au mnasikia? Rasimu ilikuwa imelikwepa deni hilo kwa kuandika "mchezaji" kila mahali. "Mchezaji anafika pwani. Mchezaji anasikia sauti." Husomeka kama hati ya mashtaka. Mmoja wetu alitaka yote yawe ya umoja, maadamu twazungumza juu ya mtu mmoja. Tukajaribu. "Unafika pwani, unasikia sauti." Ni afadhali, lakini jambo fulani lilikuwa limepotea, na tulipolitafuta tulikuta kwamba ni mabaharia. Wanane walikuwa wamesimama nyuma ya nahodha, nasi tulikuwa tumewafuta kwa kiambishi kimoja.

Shauri tulilolitoa ni kugawa. Kanuni, zinazohusu mikono ya mtu aliyeketi mezani, zisemwe kwa umoja na kwa amri: chukua karata, weka kete, funua ukurasa. Hadithi, inayohusu walio chomboni, isemwe kwa wingi: mnafika pwani, mnasikia sauti, mzee anawauliza mmetoka wapi. Tulipousoma ukurasa mmoja uliorekebishwa hivyo kwa sauti, tofauti ilionekana mara moja. Mtu ameketi chumbani hana mwenzake, na kitabu kinamwambia "ninyi". Hilo ni la wana wa lugha zenye wingi katika nafsi ya pili, na mwandishi wa asili, pamoja na ufundi wake wote, hakuwa na njia ya kulipata. Si mara nyingi mfasiri hupewa zawadi kama hiyo na sarufi, naye asiiache mezani.

Kuhusu sifa ya "wazi", maelezo yatakuwa mafupi. Michezo hii, kwa kufuata ile ya kompyuta, husifiwa kwa kuwa na ulimwengu usiofungwa, ambamo mchezaji huenda atakako na kwa mfuatano autakao. Rasimu ilisema "dunia wazi". Wazi ni kilicho dhahiri, au kisicho na kitu wala mtu, kama kiwanja wazi au nafasi wazi ya kazi. Ulimwengu wa mchezo huu una visiwa, miji na siri tele. Lugha yetu imekwisha kuutatua mgogoro huu kwingineko. Chuo kinachompokea mtu alipo na kumwacha asome kwa mwendo wake tulikiita Chuo Kikuu Huria, wala si chuo kikuu wazi. Na soko lisilopangiwa bei ni soko huria. Basi ulimwengu huria.

Kwenye tendo la kuzunguka na kutafuta, hatukupata urahisi huo. Neno la kwanza lililomjia mfasiri ni "uvumbuzi", na ndilo linalotuudhi. Vitabu vya shule vya zamani viliandika kwamba Speke alivumbua ziwa tarehe 3 Agosti 1858, alipoliona akiwa karibu na Mwanza ya leo. Watu waliokaa ufukweni walikuwa wakilivua samaki na kuliita Nyanza. Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana naye, aliweza kuzungumza na watu wa njiani kwa sababu walikuwako watu wa kuzungumza nao. Hakikuvumbuliwa kitu siku ile isipokuwa na Speke kwa ajili ya Speke. Katika mchezo huu pia kila kisiwa kina wenyewe, na mgeni ni mabaharia. Kuvumbua tumekuachia siri na njia za kutatua mambo.

"Kupeleleza" kulitumika zamani kwa wasafiri hao hao, na vitabu vya historia viliwaita wapelelezi. Lakini leo mpelelezi huja na pingu. "Kutalii" lilikuwa neno zuri la kuzunguka nchi kwa kuitazama na kujifunza, ila biashara ya hoteli imekwisha kulichukua, na hatudhani italirudisha. Mwishowe tulikubaliana juu ya mambo mawili. Tendo la kutua mahali na kusoma fungu lake liitwe "kuchunguza". Aina nzima ya michezo hii iitwe "michezo ya safari". Kuna waliosema kwamba safari ni neno jepesi mno. Lugha za Ulaya zililiazima kwetu, zikalipunguza hata likawa ni kuwinda na kutazama wanyama. Hatuoni kwa nini sisi tulilokuwa nalo kamili tulitumie kwa kipimo chao. Aliyesema "safari yetu ilikuwa ndefu" hakumaanisha tembo.

Vyombo vidogo vidogo vya mchezo havikuhitaji kuundiwa kitu. Wachezaji wa barazani wana karata, huzichanga na kuzikata, wana kete, wana dadu, wana zamu. Rasimu ilikuwa imeviita vipande vya kuwekea alama "tokeni", tukairudisha kete mahali pake. Neno moja la Kiingereza ambalo ni sakafu ya juu ya meli na pia ni karata zilizopangwa pamoja lilimponza mfasiri, akaandika kwamba mchezaji achanganye sitaha. Tulicheka, kisha tukakumbuka makosa yetu wenyewe. Nambari ile inayofunuliwa wakati wa jaribio tumeiita "nambari ya nasibu". "Ajali" lingekuwa zuri zaidi, kwa kuwa katika tungo za kale ajali ni siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa, lakini sasa ajali ni basi lililopinduka. Jaribio lenyewe rasimu iliita "changamoto". Neno hilo limebebeshwa mengi mno: hata mabomba yakikauka wiki nzima twaambiwa kuna changamoto ya maji. Na "nahodha wa kike", lililorudiwa kurasa nyingi, tumelifuta. Nahodha ni nahodha. Viambishi vyetu havimwulizi kama ni mwanamume au mwanamke, na msomaji atamjua Sofi kwa jina na kwa matendo yake.

Imebaki karatasi moja. Mchezo huu haumaliziki kwa kikao kimoja. Huchezwa saa moja au mbili, kisha mchezaji huandika chombo kipo wapi, nani amechoka, nini kimebaki ghalani, akafunga vitabu na kwenda kulala. Hiyo ndiyo karatasi inayomwezesha mtu mwenye kazi na watoto kuwa na safari yake mwenyewe kwa miezi. Rasimu iliiita "fomu ya kumbukumbu ya maendeleo", jina ambalo lingemfanya mtu atafute mhuri. Tulihangaika nalo siku mbili, mpaka mwenzetu mmoja aliyekulia pwani aliposema kwamba manahodha wa zamani walikuwa na jina la daftari yao ya kuandikia mwenendo wa chombo: batli. Kutia batli ni kuandika humo. Wengi wetu tulikuwa hatujalisikia, na yumkini wasomaji wengi pia. Lakini ni fupi, lasemeka, ni la baharini, na kazi yake ilikuwa hii hii. Tumeliandika juu ya karatasi, na chini yake mistari minne: tarehe, ukurasa wa atlasi, hali ya mabaharia, na mahali tunapokusudia kwenda kesho.